Mizizi, vidonge na huzuni isiyoisha: kabla wifi yako hajanywa kijiko kingine

"Shikamoo daktari. Naandika kutoka Nkuhungu, Dodoma. Wifi yangu ana miaka 31, ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili ambaye bado ananyonya. Tangu biashara yake ya mitumba ianguke, miezi mitano sasa, amekuwa mtu wa kujifungia ndani mchana na kukesha usiku, hali chakula vizuri, amepungua mpaka nguo zinampwaya, na analia bila sababu. Hospitalini alipewa amitriptilini ya 25 anywe usiku. Alikunywa siku tisa, mdomo ukamkauka, asubuhi akawa mzito na huzuni iko palepale, akaacha. Mama mkwe akamletea unga wa mizizi kutoka kwa mganga, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni. Leo ni siku ya 12, na kwa kweli unamlaza, nusu saa tu kalala. Binamu yake naye ametuma kutoka Uingereza chupa ya vidonge vya mmea, imeandikwa Hypericum perforatum 300 mg, mara tatu kwa siku. Hajavianza. Mimi naona dawa za asili ni salama kuliko kemikali, na hizi za hospitali nasikia mtu akizizoea haziachi. Juzi alisema bora asingekuwepo, ila nadhani ni uchovu. Anatumia kijiti cha mkononi, hana ugonjwa mwingine tunaoujua. Je, achanganye unga na hivyo vidonge au aanze kimoja kimoja? Na chai ya mchaichai na habasoda je?"

Marahaba, dada. Umeuliza kuhusu dawa na nitazijibu zote, lakini kuna sentensi uliyoipitisha haraka ambayo siwezi kuiruka: juzi alisema bora asingekuwepo. Mtu aliyekosa raha miezi mitano, asiyelala wala kula, akitamka maneno hayo tunayachukua kama yalivyo. Huenda kweli ni uchovu. Njia ya kujua ni kumuuliza, na umuulize leo.

Muulize mkiwa wawili, mahali tulivu, kwa maneno ya wazi: "Wifi, juzi ulisema bora usingekuwepo. Unawaza kufa? Umewahi kuwaza kujiua? Umefikiria ungefanyaje?" Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampandikiza mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Haiko hivyo. Aliye na wazo hilo mara nyingi hupata nafuu akimwona mtu anayeweza kulisikia bila kumkemea. Akikuambia ameshafikiria namna ya kufanya, au ameandaa kitu, asiachwe peke yake na mwende hospitali usiku huohuo. Akisema ni mawazo yanayokuja na kupita, bado hospitali mtaenda, kesho au keshokutwa, si mwezi ujao.

Wakati huohuo toa ndani ya nyumba vitu vya hatari. Vidonge vya amitriptilini vilivyobaki ni hatari sana vikimezwa kwa wingi, kwa mtu mzima na zaidi kwa mtoto, basi vikae kwako wewe. Sumu ya panya, dawa ya kunyunyizia mazao au zabibu, dawa ya kuhifadhia mahindi: vyote vihamie kwa jirani au vifungiwe kwa kufuli. Msifanye kwa kificho. Mwambie mnafanya hivyo kwa sababu mnamtaka abaki.

Sasa dawa.

Wazo kwamba cha asili hakina kemikali limeenea, na si la wajinga. Bibi zetu walitibu mengi kwa majani. Lakini mti hauna cha kumpa mgonjwa zaidi ya kemikali zake. Hauwezi kumkimbia mbuzi wala mdudu, kwa hiyo hujitengenezea uchungu na sumu za kujilinda, na dawa nyingi za hospitali zilianzia hapo. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Artemisinini, ambayo ndiyo msingi wa dawa ya mseto ya malaria, ilitoka kwenye mmea, na mofini bado hutolewa kwenye utomvu wa mpopi. Digoksini ya moyo hutoka kwenye majani, na kiasi kinachotibu kiko karibu mno na kiasi kinachovuruga mapigo. Kwa hiyo kuuliza kama dawa ni ya asili hakutufikishi mbali. Uliza ndani yake mna nini, ni kiasi gani, na kinakutana na nini kingine mwilini mwa mgonjwa. Kidonge cha miligramu 25 kina miligramu 25 leo na mwezi ujao. Mzizi uliochimbwa kiangazi Chamwino na ule uliochimbwa masika Kondoa, hata kama ni wa mti uleule, hautakuwa na nguvu sawa. Umri wa mti, udongo, namna ulivyokaushwa na sehemu iliyochukuliwa, gome au moyo wa mzizi, vyote hubadilisha kiasi cha dawa iliyomo.

Kisha kuna kijiko chenyewe. Kijiko cha chai huchukua mililita 5, cha chakula 15. "Kijiko kimoja" kwa mama mkwe na "kijiko kimoja" kwa mganga vinaweza kupishana mara tatu, na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Kinachonipa wasiwasi zaidi katika barua yako ni sifa uliyoipa huo unga, kwamba nusu saa tu kalala. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ndefu kama aliyonayo wifi yako, haiondoki kwa nusu saa, na ni mizizi michache inayomlaza mtu mzima haraka hivyo kila siku bila kukosea. Dawa inayofanya kazi namna hiyo huenda ni moja kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni dawa ya dukani iliyosagwa na kuchanganywa na mizizi. Jambo hili limegunduliwa katika nchi nyingi: unga unaoitwa wa asili, kumbe ndani mna diazepamu, fenobabitoni au vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi. Zile za maumivu ya viungo na za kunenepesha mara nyingi huwekewa deksamethasoni, ndiyo maana uso wa mtumiaji hujaa na kuwa wa mviringo baada ya wiki kadhaa. Mganga mwenyewe anaweza asijue, akiwa amenunua unga huo kwa jumla. Dalili za kushuku ni hizi: nguvu yake ni ileile kila siku, mtumiaji huongea kama amelewa au hupepesuka, na siku akikosa kunywa hutetemeka, hutoka jasho na kukosa usingizi kuliko mwanzo.

Cha pili ni mimea yenye nguvu kweli kwenye ubongo. Mnanaha ni mmoja wao. Mtu aliyeunywa hukauka mdomo, mboni za macho hutanuka, ngozi huwa ya moto na kavu, mkojo hukataa kutoka, moyo hwenda mbio, kisha huanza kuona na kuongea na watu wasiokuwepo. Ukizingatia kwamba amitriptilini nayo hukausha mdomo na kuzuia mkojo kwa njia hiyohiyo, kuvikutanisha viwili hivyo ni kujitafutia balaa.

Cha tatu ninakieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ni watu wachache wanaokifahamu. Kuna jamii ya miti inayoitwa Rauvolfia; msesewe unaotiwa kwenye mbege kule Kilimanjaro ni wa jamii hiyo. Mizizi ya baadhi ya miti hiyo ina kemikali iitwayo reserpini, ambayo iliwahi kuwa dawa ya hospitali, ikishusha shinikizo la damu na kuwatuliza wagonjwa wa akili wenye fujo. Hutuliza kwa kumaliza akiba ya serotonini, noradrenalini na dopamini kwenye ncha za neva, yaani kemikali zilezile ambazo dawa za sonona hujitahidi kuziongeza. Mwenye fujo akiinywa hutulia, na familia hushukuru. Mwenye sonona akiinywa naye hutulia, hapigi kelele, hasumbui mtu, lakini ndani anaweza kuzama zaidi. Ndiyo sababu "dawa ya akili" iliyomsaidia kijana wa jirani aliyekuwa akivunja vyombo haifai kupewa mama anayelia kimyakimya. Ni magonjwa mawili tofauti, hata kama mtaani yote huitwa matatizo ya akili.

Sijauona huo unga na siwezi kusema ni upi kati ya hivyo, au kama ni mzizi usio na neno. Lakini kwa mtu aliyetamka alichotamka, na mwenye mtoto anayenyonya, sishauri aendelee na kitu ambacho hakuna anayejua kilichomo. Asimame sasa. Siku 12 ni chache. Anaweza kuacha mara moja, na huenda usiku mbili tatu za mwanzo akakosa usingizi zaidi. Ingekuwa ameutumia kila siku kwa zaidi ya mwezi ningesema tofauti, kwa sababu mwili uliozoea diazepamu au fenobabitoni ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, na hapo kuacha hufanywa hatua kwa hatua chini ya daktari. Akitetemeka sana, akichanganyikiwa au kuanguka baada ya kuacha, mpelekeni hospitali bila kusubiri. Usiutupe unga uliobaki. Uweke kwenye mfuko safi, andika tarehe aliyoanza na kijiko kilichotumika, ukipige picha, uende navyo.

Mwangalie na mtoto. Vitu vingi vya kulevya hupita kwenye maziwa. Mtoto akilala kuliko kawaida yake, akilegea au kukataa kunyonya, mpeleke siku hiyohiyo.

Niongeze jambo linalohusu hata mizizi isiyo na sumu yoyote. Wakazi wa Dodoma na Manyara wanakumbuka mwaka 2016, watu walipokufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Ukungu ule haubagui nafaka na mzizi. Mzizi ulioanikwa chini kwenye udongo, ukasagwa haujakauka vizuri, ukafungwa kwenye nailoni na kukaa gizani, unaweza kuotesha ukungu uleule, na ini ndilo linaloumia. Macho yakianza kuwa ya njano, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, tumbo likauma upande wa kulia chini ya mbavu, dawa yoyote ya miti isimame na mgonjwa apimwe ini.

Tuje kwenye chupa ya Uingereza, ile ya Hypericum, au haiperikamu kwa matamshi yetu. Huo ni mmea ninaouheshimu, kwa sababu umefanyiwa majaribio mengi kuliko mmea wowote wa sonona. Vidonge vilivyotengenezwa kwa kipimo maalumu vimeonekana kusaidia sonona nyepesi na ya kati kuliko vidonge bandia visivyo na dawa. Kwa sonona kali ushahidi wake hautoshi, na wifi yako, kwa kukosa usingizi, kupungua mwili na maneno yale, simhesabu kwenye nyepesi. Pia chapa hutofautiana sana. Kilichoandikwa kwenye chupa si lazima kiwe ndicho kilichomo.

Shida kubwa ya haiperikamu iko kwenye ini. Ini lina vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa na homoni ili zitoke mwilini. Mmea huu huliamuru ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, na baada ya wiki moja au mbili dawa nyingine huanza kuvunjwa haraka kuliko zilivyopangiwa. Kijiti cha wifi yako hutoa homoni kidogo sana kila siku, ya kutosha tu kuzuia mimba. Ini likiichoma haraka, kiwango hushuka, na mimba imewahi kuingia kwa wanawake waliokuwa na kijiti mkononi. Hatajua, kwa sababu kijiti kitakuwa kiko palepale na hedhi ya mwenye kijiti huwa imeshavurugika tangu awali. Kwa hali aliyonayo, fikiria mimba asiyoitarajia ingemkuta wapi.

Orodha ya dawa zinazodhoofishwa hivyo ni ndefu: vidonge vya majira, dolutegravia iliyomo kwenye dawa za kufubaza VVU, wafarini ya kuyeyusha damu, baadhi ya dawa za moyo, hata dawa ya mseto ya malaria. Ukizingatia malaria yetu na idadi ya watu wanaoishi kwa ARV, utaona kwa nini zawadi hiyo ya binamu si ya kugawia majirani. Aliyekwisha kuitumia pamoja na kijiti au vidonge vya majira atumie kondomu muda wote huo, na aendelee nayo wiki nne baada ya kuacha, kwa sababu ini halirudi lilivyokuwa kwa siku moja. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba havipotezi nguvu kwa njia hii.

Hatari nyingine ni kuikutanisha na dawa zinazoongeza serotonini: amitriptilini, fluoksetini, na tramadoli ambayo watu wengi huimeza kama dawa ya kawaida ya maumivu. Serotonini ikizidi, mtu hutoka jasho, hutetemeka, misuli hurukaruka na kukakamaa, moyo hwenda mbio, huharisha, joto hupanda, kisha huchanganyikiwa. Mara nyingi huanza ndani ya saa 24 tangu dawa iongezwe au dozi ibadilishwe. Hiyo ni dharura. Usiipe jina la malaria ukasubiri asubuhi.

Mambo mawili madogo nayapita haraka. Haiperikamu huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na jua la Dodoma mnalijua. Na kama wifi yako amewahi kupitia kipindi cha siku kadhaa akilala kidogo bila kuchoka, akiongea bila kituo, akitumia fedha ovyo na kujiona anaweza kila kitu, mwambieni daktari kabla hajapewa dawa yoyote ya sonona, ya mti au ya kiwandani, kwa kuwa zote zinaweza kumrudisha kwenye hali hiyo.

Kwa hiyo swali lako, achanganye au aanze kimoja kimoja: asichanganye, na asianze hiyo ya chupa. Ifungwe, iende hospitali pamoja na unga.

Turudi kwenye amitriptilini, kwa maana naona ilihukumiwa mapema. Dawa za sonona zina tabia ngumu: madhara madogo hutangulia, faida huja nyuma. Mdomo mkavu na uzito wa asubuhi hutokea siku za mwanzo; huzuni huanza kulegea wiki ya pili hadi ya nne, na nafuu kamili inaweza kuchukua wiki sita au zaidi. Hii ni kwa sababu kemikali huongezeka mapema, lakini seli za ubongo huchukua wiki kadhaa kujipanga upya kulingana na ongezeko hilo. Siku ya tisa, wifi yako alikuwa amelipa gharama yote na hajapokea kitu. Tena miligramu 25 ni dozi ya kuanzia. Kwa kawaida daktari huipandisha polepole, mara nyingi hadi 100 au 150, akiangalia mgonjwa anavyoivumilia. Uzito wa asubuhi hupungua dawa ikinywewa mapema, saa 2 usiku badala ya saa 5. Mdomo mkavu hutulizwa kwa maji ya kunywa kidogokidogo au ukwaju wa kumung'unya usio na sukari.

Kuhusu kuzoea, hapo umechanganya dawa mbili. Diazepamu na ndugu zake ndizo zinazomfanya mtu atake zaidi na zaidi, nazo si tiba ya sonona. Amitriptilini na fluoksetini hazileti uchu wa namna hiyo. Ni kweli kwamba ukiziacha ghafla unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma na kukosa utulivu, ndiyo maana hupunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa. Na huachwa baada ya mgonjwa kuwa mzima kwa miezi 9 hadi 12, si siku anapojisikia nafuu. Wengi hurudi nyuma kwa kuacha mwezi wa pili.

Kuna uamuzi ambao daktari ataupima, nanyi mjue ugumu wake. Fluoksetini ni salama zaidi ikitokea mtu amemeza nyingi, na hailazi, lakini hupita kwenye maziwa zaidi. Amitriptilini hupita kidogo tu kwenye maziwa na humsaidia asiyelala, lakini nyingi yake ni sumu. Kwa mama anayenyonyesha na aliyesema alichosema, chochote kitakachochaguliwa kina upande wake wa pili. Ikichaguliwa amitriptilini, ombeni mpewe ya wiki moja moja.

Msiondoke hospitalini bila kuuliza vipimo. Upungufu wa damu baada ya kujifungua na kunyonyesha, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, VVU, kaswende, hata mimba changa, vyote vinaweza kumfanya mtu achoke, asilale na alie. Kuna mgonjwa ambaye dawa yake ni madini ya chuma au homoni ya tezi, na hakuna mzizi wala kidonge cha sonona kitakachomponya. Daktari atatumia pia maswali tisa ya kupima uzito wa sonona. Ajibu ukweli, hasa lile la tisa, linalouliza kuhusu kuwaza kufa.

Hapo Nkuhungu hamko mbali na msaada. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Mtu huingia, huongea na mtaalamu, hurudi nyumbani kwake. Najua Dodoma jina la Mirembe hutumika kumtania mtu, na najua wangapi wamechelewa kwa kuogopa kuonekana getini. Kama hilo litamzuia, aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Walio Kongwa, Mpwapwa au Kondoa waanzie hospitali ya wilaya. Popote mtakapofika, sema haya mapema, usisubiri kuulizwa: "Alipewa amitriptilini akaacha siku ya tisa. Amekunywa unga huu siku 12. Alitaka kuanza vidonge hivi. Ana kijiti, ananyonyesha. Juzi alisema bora asingekuwepo." Wagonjwa wengi huficha dawa za mganga kwa kuogopa kugombezwa, kisha daktari huandika dawa inayogongana na kilichomo tumboni. Mhudumu akikugombeza, mvumilie, umalize kusema.

Mchaichai hauna tatizo. Kikombe kimoja au viwili vya majani yaliyolowekwa kwenye maji ya moto dakika tano hadi kumi havimdhuru, na chai ya moto kabla ya kulala husaidia kutuliza mwili. Isiwe na majani ya chai ndani, hayo humkosesha usingizi. Tangawizi nayo haina tatizo. Rozela hushusha presha kidogo, asiye na presha ya chini anywe. Majani ya mlonge yakipikwa kama mboga ni chakula kizuri kwa aliyepungua. Mizizi na gome lake aviache. Habasoda nusu kijiko cha chai kwenye chakula haina neno kwa mtu kama yeye, ila anayetumia dawa za sukari au presha aangalie, kwa kuwa huvishusha vyote viwili. Pale ninapoonya ni kungumanga, ambayo husagwa kwenye maziwa kuleta usingizi. Kuikuna kidogo kwa ladha ni sawa. Ikifika gramu tano, na kungumanga moja nzima yaweza kuwa na uzito huo, huleta moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kuchanganyikiwa kunakoweza kudumu siku nzima au zaidi. Shubiri nayo iachwe: kuharisha kwa siku nyingi hupunguza potasiamu mwilini, na moyo wa mtu anayetumia amitriptilini unaihitaji potasiamu hiyo.

Huko mbele, akishapata nafuu, kama familia itataka tena tiba asili, haikatazwi. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mwombe mganga cheti chake cha usajili. Muulize jina la mti na sehemu iliyotumika, kiasi kwa kipimo kinachojulikana, nani asiitumie, na nini kifanyike ikimdhuru mtu. Mganga mzuri ana majibu, na atakuambia mwenyewe nenda hospitali akiona yamemshinda. Anayesema dawa yake inatibu sukari, sonona, nguvu za kiume na mikosi kwa pamoja, anayekataza dawa za hospitali, au anayetaka mgonjwa afunge kula au afungiwe ndani, ondoka. Na iwe dawa moja kwa wakati mmoja, na daftari: kila asubuhi aandike amelala saa ngapi, amekula nini, na moyo wake ukoje kutoka sifuri hadi kumi. Wiki nne bila namba kusogea maana yake haifanyi kazi. Ikimdhuru, mhudumu wa afya anaweza kujaza fomu ya taarifa ya madhara ya dawa kwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hata kama dawa yenyewe ni ya mizizi.

Limebaki la mama mkwe, ambalo hukuliuliza lakini utakutana nalo ukifika nyumbani. Aliuleta ule unga kwa upendo, na ukimwambia ameleta sumu, wifi yako ataukuta tena kwenye uji ukiwa kazini. Mwambie, "Mama, tumeambiwa dawa mbili zinagombana, tumalize kwanza hii ya hospitali." Kisha mpe kazi asiyoweza kuikataa. Yeye ndiye akae na dawa mpya kwenye kisanduku chenye kufuli, ampe mwanawe dozi aliyoandikiwa kila siku saa 2 usiku mbele ya macho yake, akae naye mpaka alale hizo usiku za mwanzo. Asubuhi wewe au yeye mtoke naye nje kabla jua halijawa kali, nusu saa ya kutembea, hata akisema hana nguvu. Tarehe ya kurudi kliniki iandikeni ukutani, na mtu wa kumsindikiza apangwe tangu leo.